Karani wa Ndiva na Mstari wa Kumi na Saba

Kwanza tuelewane. Mimi siogopi watu. Darasa la saba nimelimaliza kwa kuchapwa, na mchungaji mwenyewe nishamtania mbele ya kwaya nzima, akacheka mpaka kola ikakaa upande. Lakini Karani nilimwogopa. Akikutazama juu ya ile miwani yake iliyofungwa kwa uzi wa kushonea gunia, unaanza kukumbuka makosa ambayo hata hujayafanya.

Wote tulimwita Karani. Watoto, wazee, mpaka mbuzi wake nadhani. Alikuwa karani wa ndiva yetu, huku juu Mhezi. Ndiva, kama wewe ni mtu wa tambarare, ni bwawa letu la kuchimba na kujengea ukingo wa mawe na udongo. Maji ya kijito yanajaa usiku kucha, asubuhi lango linafunguliwa, yanashuka kwenye mfereji mpaka mashambani. Mashamba thelathini, matano kwa siku, Jumatatu mpaka Jumamosi. Jumapili ndiva inapumzika na sisi tunaimba. Ukikosa zamu wiki ile maharage yanatoa maua, basi tena, utavuna majani.

Kabla ya Karani, zamu zilikaa kichwani mwa Mzee wa Lango, yule anayefungua na kufunga. Kichwa kikubwa kweli, lakini na chenyewe kilikuwa na ndugu na marafiki, unanielewa. Karani alikuwa amechapa barua za maofisini Same miaka na miaka. Alipostaafu akapanda mlima na begi la nguo, cherehani, na kompyuta ya mezani yenye skrini ya chogo, imefungwa blanketi kama mgonjwa. Akawaambia kamati, nipeni majina, nitawatengenezea zamu zisizo na shemeji. Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee wa Lango akatema mate pembeni.

Programu aliitunga mwenyewe. Kulikuwa na kitabu kinene cha Kiingereza alichoachiwa na fundi mmoja ofisini kwao. Alikisoma na kamusi pembeni, ukurasa mmoja kwa siku, kama watu wanavyosoma Biblia. Akichapa, vidole vilikimbia kama mvua ya bati. Lakini mausi aliishika kama kifaranga, anaogopa atakiminya kife.

Mimi niliingia hapo kwa sababu ya mdomo. Watu wananiita Redio. Kamati ilitaka mtu wa kusoma majina pale langoni kila asubuhi, sauti imfikie mpaka anayelima kwa chini, na Karani mwenyewe hakupenda kelele. Kelele hakuzipenda kabisa yule mama. Jogoo wake mmoja alikwenda kuliwa kwa kosa hilo tu. Halafu akanichagua mimi! Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Kelele zako nitazipeleka nje. Humu ndani utanisaidia macho, yangu yanakwisha."

Basi kila Jumamosi nanawa mikono (bila kunawa hugusi kibodi), nafunua skrini kitambaa chake cha kufuma, nakaa. Programu ikifunguka inauliza kwanza wewe nani. Naandika Redio. Yeye anakaa nyuma yangu na kikombe cha bati. Ndani ya kikombe, maharage makavu thelathini, kila moja shamba moja. Hayo maharage yalikuwa ndiyo mtihani wake. Alikuwa anasema, "Usiiulize mashine jambo ambalo mwenyewe huwezi kulihesabu mezani."

Alinifundisha hivi. Majina yote yamekaa ndani, kwenye databesi. Wewe huyaoni. Unaandika swali: nipe wenye zamu wiki hii, anza shamba la juu, shuka mpaka la chini. Jibu linatoka mstari mmoja mmoja, na programu inauchukua kila mstari na kuupanga kwenye listi pale kwenye skrini: safu ya namba, safu ya jina, ya ukoo, ya siku. Anachukua, anapanga, anarudi, anachukua, anapanga. Kama mtu anayetoa mahindi ghalani kwa kikapu.

"Kwa hiyo hii listi ndiyo ghala," nikasema siku ya kwanza.

"Hii ni dirisha la ghala, Redio. Usije ukachungulia dirishani ukasema ghala umelimaliza."

Nikacheka. Nilikuwa nacheka sana enzi hizo.

Kituko kingine ni hiki. Karani alikuwa mtu wa kusahihisha. Barua ya mwaliko wa harusi ukimpelekea, anakurudishia na kalamu nyekundu. Lakini programu yake mwenyewe aliifundisha kunyamaza ikikosea. Zamani, ikikwama, ilikuwa inatoa kijisanduku cha Kiingereza chenye alama nyekundu na mlio wa kushtua. Mlio ule ulimkera. Akaenda ndani ya programu akaandika amri, kwa maneno ya kwetu ni hivi: ukikwama popote, acha hapo hapo, usipige kelele. Alijisifu nayo. "Sasa ina adabu," alisema. Mwanamke asiyeachia nukta ya mtu ipotee, akaiambia mashine ifiche makosa yake. Sisi wote tuna mahali pa namna hiyo. Pake palikuwa hapo.

Pangu palikuwa kwenye woga.

Mwenye shamba namba kumi na saba alifariki. Mzee mzuri, alikuwa ananiita nimsomee meseji kwenye simu yake. Sasa huku kwetu, pale ndiva, jina la marehemu haliitwi mpaka ukoo ukae na kumtaja mrithi. Ukiliita langoni kabla, ni kama umemwambia aje achukue maji yake. Na ukoo ulikuwa haujakaa, mtoto mkubwa alikuwa Dodoma. Jumamosi ile nakaa kwenye kompyuta, naona jina lake pale mstari wa kumi na saba, na anayepaswa kulipaza Alhamisi asubuhi ni nani? Ni mimi.

Karani alikuwa jikoni anaepua chai. Alinikataza siku zote: usiguse jina bila kuniambia. Nikaona, ah, ni heshima tu hii. Nikalifuta. Sikuandika kitu. Nikaacha wazi, nikabonyeza kuhifadhi, nikapokea chai, nikasema asante. Jumapili baada ya ibada yeye mwenyewe akachapa karatasi kwa printa, macho yenyewe ndiyo hayo, akanipa, nikaibandika langoni bila kuisoma mpaka chini.

Jumatatu sawa. Jumanne sawa. Jumatano sawa. Nasoma majina matano, watu wananijibu, nawatania, maji yanashuka.

Alhamisi nasoma namba kumi na sita, nashuka na kidole. Karatasi imeisha. Chini kuna maneno yale ya kila wiki tu: mwisho wa listi, anza juu.

Akili ya kawaida ingesema ngoja. Mimi mdomo ukatangulia. "Waliobaki wanakunywa chai!" Watu wakacheka. Mzee wa Lango hakucheka. Akavaa miwani, akasoma karatasi neno kwa neno, akasema, "Imeandikwa anza juu. Mimi siku hizi sina kichwa, nina karatasi." Akafungulia. Namba kumi na sita akapata, halafu maji yakageuzwa yakarudi kwa namba moja, na namba moja ndiye mwenyekiti wa kamati. Unaona jambo linavyojipika.

Saa nne hivi akapanda Mama Nakijwa, namba ishirini, mjane, jembe begani. Shamba lake liko kule mteremkoni ambako jua halina huruma, na maharage yake yalikuwa kwenye maua. Akakuta mfereji wake mkavu. Akatazama karatasi. Akatazama tena, akapitisha kidole chote chini mpaka nje ya karatasi, kwenye mti.

"Redio, mimi niko wapi?"

Nikapitisha kidole changu pale pale alipopitisha chake.

"Nakuuliza wewe unayesoma. Mimi niko wapi?"

Nyuma yake wakafika wa kumi na nane na wa kumi na tisa. Wakapiga simu kwa wa Ijumaa na Jumamosi, nao wakaja, wote wa chini, wote hawamo. Watu kumi na wanne wamefutika. Mmoja akaweka panga begani, panga la kufyekea tu, lakini siku ile halikuonekana la kufyekea. Vijana wa mwenyekiti wakajipanga juu ya ukingo, kila mtu na jembe lake, wakasema lango haliguswi, karatasi ni karatasi. Na maji muda wote huo yanashuka. Ndiva ikiisha imeisha, mpaka ijae tena usiku, na usiku ule ni wa watu wa Ijumaa. Ungeweza kuona mstari wa tope ukiongezeka ukutani, kidole, vidole viwili.

"Twende kwa Karani," akasema Mama Nakijwa. "Akaniambie usoni."

Sebule ya Karani ina viti vinne. Tuliingia kama ishirini. Yeye alikuwa anashona. Mwenyekiti akasema, "Karani, watu wako wamepotea. Maji yakiisha kabla hujawaleta, hiyo kompyuta naitoa nje mimi mwenyewe."

"Umewaficha," akasema yule wa panga. "Umekaa na watu wa juu mmekubaliana."

Karani akaweka nguo pembeni. Akanawa mikono. Na mimi namtazama anavyonawa, kidole kimoja kimoja, nataka kupiga kelele, mama maji yanaisha! Akakaa. Akaniambia, "Redio, soma listi."

Nikasoma. Kumi na sita.

"Mimi ni namba ngapi?"

"Ishirini na nne, Karani."

"Nimo?"

"Hapana, humo."

Akamgeukia yule wa panga. "Basi nimejificha na mimi mwenyewe. Kaa chini." Akakaa.

Akamwaga maharage mezani. Akaandika swali lingine, fupi, halitaki majina, linataka hesabu tu: ndani mko wangapi? Ikajibu thelathini. Akasukuma maharage kumi na sita kulia, kumi na manne yakabaki kushoto. Akasema polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa, "Mama Nakijwa, hujapotea. Uko ndani. Hujatoka dirishani tu."

"Mimi sili dirisha, Karani. Maharage yangu yanaungua."

"Najua."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilijua mstari wa kumi na saba una nini, na kinywa changu, hiki hiki kisichofungwa na mtu, kikafunga.

Karani akaingia ndani ya programu, akaenda kwenye ile amri yake ya adabu, akaifuta. Akawasha upya. Listi ikaanza kujaa, moja, mbili, tatu, kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita, halafu PAA, ule mlio wake, na kijisanduku chenye alama nyekundu. Bibi mmoja akasema, Yesu! Karani akasogeza uso karibu na skrini mpaka pua ikagusa kioo. Akasoma.

"Mstari wa kumi na saba hauna jina," akasema. "Imekuta patupu, haikujua ipange nini, ikaacha hapo. Na mimi niliiambia isiseme."

Mwenyekiti akauliza, "Nani kaacha patupu?"

Karani akageuza shingo. Macho yake yakanipata, juu ya miwani. Nadhani moyo wangu ulisikika mpaka Hedaru.

"Programu ni yangu," akasema. "Kosa ni langu."

Akaandika mstari mmoja: ukikuta jina hakuna, weka kistari, endelea. Akawasha. Kumi na sita. Kumi na saba, kistari. Kumi na nane. Kumi na tisa. Ishirini, Mama Nakijwa, na mama mwenyewe akaweka kidole kwenye kioo bila kunawa na Karani hakusema kitu. Mpaka thelathini. Printa ikaanza kulalamika, nikachomoa karatasi ikiwa nusu ya wino haijakauka, nikakimbia. Sijawahi kukimbia vile. Nilianguka mara mbili, goti lina alama mpaka leo.

Mzee wa Lango akasoma neno kwa neno, kama kawaida yake. Akageuza maji. Wa kumi na nane na wa kumi na tisa wenyewe walisema mpeni mama kwanza. Yaliyobaki yalimtosha Mama Nakijwa matuta tisa. Shamba lake lina matuta ishirini na moja. Yale mengine maua yalikauka yakadondoka, na mwaka ule nilimwona akivuna kipande, kipande kingine anakipita bila kukitazama.

Kamati ilikaa. Huku mtu akiharibu maji hatozwi, anafanyishwa msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja ya kutengeneza ndiva, ila yeye peke yake. Karani akapewa siku saba za kubeba mawe ya ukingo. Mwanamke wa umri ule! Wengine walisema nusu, yeye akasema saba ni saba, andikeni vizuri.

Nilikwenda kumsaidia siku zote saba. Watu wakasema Redio ana moyo. Nilibeba mawe makubwa kuliko yake na nikatania kila kitu njiani, kenge, mawingu, matako ya mwenyekiti. Yeye anabeba jiwe lake kifuani kwa mikono miwili, kama anabeba sinia la chai, anatua, anapumua, anarudi. Kila siku asubuhi nilisema leo namwambia. Siku ya saba tuliweka jiwe la mwisho na nikamwambia mgongo unaniuma.

Macho yake yalipokwisha kabisa, binti yake alimshusha Same. Ukarani wakanipa mimi, darasa la saba, usicheke. Nilimtembelea mara ya mwisho mwaka huu, kabla ya mvua. Same ule upepo wake wa vumbi, bati linapiga, yeye amekaa barazani na kanga kichwani, kikombe cha bati mapajani.

"Shikamoo, Karani."

"Marahaba. Umenawa?"

"Nimetoka kwenye basi."

"Kanawe."

Nilikuwa na kompyuta ndogo ya kubeba, programu ile ile nimeihamishia humo. Nikaifungua mbele yake kana kwamba anaona. Akaanza mtihani. Ndani wangapi? Thelathini. Listi? Thelathini. Akahesabu maharage kwa kidole gumba, akaridhika.

Nikasema, "Karani, ule mstari wa kumi na saba."

"Eeh."

"Ni mimi. Niliogopa kumwita marehemu."

Bati likapiga. Akasema, "Sogeza kale kamshale mpaka mwisho wa listi, kulia. Baada ya safu ya siku. Kuna kamstari. Kavute."

Nikavuta. Pale mwisho, ambapo miaka yote niliona listi imeishia, ikafunguka safu nyingine. Alikuwa ameibana upana mpaka sifuri. Nani aligusa, siku gani, saa ngapi. Mstari wa kumi na saba, wa kwanza kugusa: Redio, Jumamosi, saa ya chai.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Wewe ulipokimbia na karatasi."

"Na mawe umebeba!"

"Ningevuta safu ile mbele yao, yule wa panga angekufanya nini? Na Mama Nakijwa je? Watu walikuwa na majembe mkononi, Redio." Akakitikisa kikombe mapajani. "Halafu sikudanganya. Niliinyamazisha mashine mimi. Tulikuwa wawili. Mimi nikabeba yangu."

"Na yangu?"

"Yako umekuja nayo leo. Imekuwa nzito?"

Alisikia nikivuta kamasi, akanipa pembe ya kanga.

"Kwa Mama Nakijwa unakwenda?"

"Sijawahi kumwambia."

"Utamwambia. Haya, irudishe hiyo safu. Halafu nisikilize. Mimi ni ishirini na nne. Nikiondoka, ukoo wangu utachelewa kukaa, nawajua, ni watu wa maneno. Usije ukaniacha wazi. Andika chochote, lakini usiniache wazi. Kuna watu sita chini yangu."

Kwa Mama Nakijwa nilikwenda. Hakunipiga. Alinipa jembe, akanionyesha yale matuta kumi na mawili, na nitayalima kila msimu mpaka atakapochoka kuniona.

Karani tulimzika mwezi uliopita, hapa hapa juu. Ukoo haujakaa, kama alivyosema. Jumamosi nikanawa mikono, nikafungua, nikaandika Redio, nikafika mstari wa ishirini na nne. Jina lake siruhusiwi kuliita, na hata hapa sikuliandika. Kistari nacho nikaona hakimtoshi.

Ijumaa asubuhi pale langoni nikasoma ishirini na moja, ishirini na mbili, ishirini na tatu. Mpwa wake amesimama na jembe mfereji wa ishirini na nne, anatazama chini, anajua nitaruka.

"Ishirini na nne!" nikapaza. "Karani!"

Mtu mmoja akavua kofia. Nikamtazama Mzee wa Lango, yule asiyependa karatasi, nikasubiri anigombeze. Alikuwa ameshashika mti wa lango kwa mikono miwili.

"Ita tena," akasema. "Leo sauti yako ndogo."

Nikaita tena.